Waipa Zinazohisi Maji

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa, kikao cha ukoo Nyakahura, nyumbani kwa Danstan. Danstan ni mdogo wa mke wangu Petronila. Ana duka, ana gari la Noah, ana sauti. Ajenda ilikuwa moja: Jumamosi Sista Speciose anaadhimisha miaka hamsini ya nadhiri kule Rulenge. Sista ni mdogo wa mama mkwe wangu, Bi Priscila. Hawajaonana tangu mama mkwe avunjike nyonga. Kwenye kiti cha gari hawezi kukaa. Akikaa kidogo tu, machozi.

Danstan akasema atalaza viti vya Noah. Nikasimama. Nikasema sioni sababu ya kulaza viti wakati ukoo huu una gari lenye kitanda.

Wote wanaijua kombi yangu. Ina kitanda, sinki, kabati la vikombe na mapazia ya maua. Mzungu mmoja aliiacha Benaco enzi za kambi za wakimbizi, ikapita mikono mingi, mwaka huu nikaipata mimi kwa kubadilishana na kiwanja. Petronila hajakitaja tena kile kiwanja. Anakitazama tu tukipita.

Mama mkwe akageuza kichwa. Tangu nimuoe binti yake ananiita "yule". Akauliza: yule amesema kitanda? Nikasema ndiyo mama, na godoro juu yake. Akasema basi yeye atakwenda na kitanda. Ushindi!

Hapo Danstan akauliza, kwa upole, mbele ya watu wote, kama waipa zinafanya kazi. Maana mvua za mwaka huu si za mchezo, na barabara ya Rulenge ni ya udongo. Nikasema zinapiga vizuri kuliko za kwake.

Hazipigi. Ya kushoto hunyanyuka kidogo, kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali, halafu huahirisha. Ya kulia sijawahi kuiona ikitikisika.

Nina wiki nzima. Wiki ni muda mrefu.

Jumatatu, 13 Novemba

Kazi yangu ni kuosha malori hapa njia panda ya Lusahunga. Kwa hiyo ninakutana na madereva wa nchi nyingi, na kila dereva ana elimu yake. Wa leo, mwenye lori la mafuta, alisema waipa ni za watu wasiojua viazi. Unakata kiazi, unasugua kioo, maji yanateleza yenyewe. Nikamuuliza kama ameona kwa macho yake. Akasema kwao wote wanafanya hivyo. Sikuhitaji zaidi.

Petronila anawapikia madereva chakula kwenye kibanda chake. Akauliza viazi vya mchana viko wapi. Nikasema viko kazini.

Mvua ilikuja alasiri. Maji hayakuteleza. Yalijichanganya na viazi, kioo kikawa uji. Nilikaa ndani nikiitazama Lusahunga kupitia uji. Halafu jua likatoka, uji ukakauka, kuku wa jirani wakapanda na kuanza kudonoa. Nikawafukuza. Wakarudi na wenzao.

Petronila ameuza wali bila viazi. Wateja waliolalamika aliwaelekeza kwenye kombi. Watatu walikuja kutazama. Mmoja alionja.

Jumanne, 14 Novemba

Nimegundua kosa. Kosa halikuwa kwenye kioo, lilikuwa kwenye waipa zenyewe. Mipira imechakaa! Nikamwoshea dereva mmoja lori lake lote, mpaka chini ya tela, naye akanipa waipa kuukuu za lori. Ndefu, nyeusi, zenye heshima. Nikazifunga kwa waya. Zikapita kioo pande zote mbili na kukutana katikati kama mapanga.

Nikawasha. Kimya.

Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya waipa imekatika. Nikaweka nyingine. Ikakatika. Nikaweka nyingine tena, ya mwisho niliyokuwa nayo. Nayo ikakatika. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikachukua karatasi ya kung'aa kutoka kwenye pakiti ya sigara, nikaikunja vizuri, nikaichomeka pale. Hiyo haikatiki!

Kweli haikukatika. Waipa zilitetemeka. Zikanyanyuka. Nikapiga kelele za furaha, Petronila akatoka kibandani na mwiko mkononi. Zile waipa za lori zikagongana, moja ikachomoka na kuangukia kwenye karai la mtu anayeuza samaki wakavu. Kisha chini ya dashibodi kukatoka moshi. Si mwingi. Lakini ulikuwa na harufu ya kitu kinachoaga dunia.

Petronila akauliza moshi ni wa nini. Nikasema ni vumbi la zamani linatoka.

Akarudi kibandani. Mwuza samaki hataki kurudisha waipa. Anasema imeingia kwenye biashara yake, ni ya kwake.

Jumatano, 15 Novemba

Asubuhi kavu. Nimeipeleka kombi Benaco kwa fundi Nduwayo. Fundi huyu anajisifu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, nami nikiwemo. Kabla hajashika spana alinisimulia magari aliyoyafufua, likiwemo moja ambalo mwenyewe alikuwa tayari ameanza kufuga njiwa ndani yake.

Akalala chini ya dashibodi. Akacheka humo humo. Akatoka na kusema, kwa lafudhi yake ya mpakani, "Bwana Wiston, gali hili lilikuwa na mota nzima."

Nikasema ashukuriwe Mungu.

Akasema, "Nimesema lilikuwa."

Maelezo yake ni haya. Vijiti vya chuma vinavyobeba mikono ya waipa vilikuwa vimekamatwa na kutu. Mota inasukuma, vijiti vinakataa. Fyuzi zilikuwa zinakatika ili mota isiungue. Mtu akaweka karatasi ya sigara. Akataka kujua ni mjinga gani. Nikasema ni wale waliokuwa na gari kabla yangu. Akasema karatasi yenyewe bado inang'aa. Nikatazama malori.

Ameichomoa mota. Ameving'oa vijiti, akavisugua, akavipaka grisi, akavirudisha. Amefunga na mipira mipya inayoenea kioo. Sasa mikono ya waipa ni laini ajabu. Ukisukuma mmoja kwa kidole, na mwenzake unafuata. Kinachokosekana ni kitu cha kusukuma. Mota nyingine ipo kwenye gari lililokufa Ngara mjini, lakini mwenye gari amesafiri, anarudi wiki ijayo.

Nikasema safari ni Jumamosi, na nina mgonjwa. Akasema basi Jumamosi huyo mgonjwa apande gari la mtu mwingine. Nikamwambia mtu mwingine anaitwa Danstan. Akasema hamjui Danstan lakini kama ana waipa anamheshimu.

Nimerudi. Karibu na Nyakahura likanijia wazo, lote kwa pamoja, kubwa kuliko kombi. Kama kidole kinaweza kusukuma, mguu unashindwaje?

Alhamisi, 16 Novemba

Nimetengeneza tangu asubuhi. Kamba nyembamba nyeusi kutoka kwenye mkono wa waipa, inapita kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, inashuka chini ya dashibodi, inaishia kwenye kiatu changu cha kushoto. Upande wa pili nimefunga ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mguu unavuta, tyubu inarudisha. Safi! Mtu wa nje haoni chochote.

Kuna dosari moja ndogo. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kwa hiyo waipa zinapiga kila nikibadilisha gia. Kwenye mlima zitapiga sana. Kwenye tambarare zitapumzika. Nikajipa moyo kwamba Ngara haina tambarare nyingi.

Alasiri tukaenda Nyakahura, mama mkwe alione gari. Alitoka na fimbo yake, mkono mwingine kwa Danstan. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba huku akiangalia mapazia. Akatazama kitanda. Akakibonyeza. Akauliza kitanda hiki ni cha nani.

Nikasema kwa fahari kwamba ni changu.

Akarudi nyuma hatua nzima. Akasema hawezi. Mama hawezi kulala kwenye kitanda cha mkwe wake. Watu wa Rulenge watasemaje, na Sista je! Afadhali abaki nyumbani.

Hilo sikuliwaza. Danstan alikuwa analiwaza tangu Jumapili, nilimwona usoni. Akaanza kusema kwamba viti vya Noah vinalala vizuri tu.

Petronila akamkatiza. Akamwambia mama yake kwamba kitanda si cha mkwe. Kombi ni ya kwake yeye Petronila, ilinunuliwa kwa kiwanja, na kiwanja alikilima yeye. Mwenye kusema si hivyo aseme. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Ni ya kwake."

Mama mkwe hakusikia vizuri. Ikabidi nirudie kwa sauti, "Gari ni la Petronila, mama. Lote."

"Na kitanda?"

"Na kitanda."

"Na godoro?"

Nikasema na godoro. Akaridhika. Akaomba tu shuka itoke kwake mwenyewe. Petronila hakutabasamu, lakini alifunga mlango wa kombi kwa namna mpya, kama mtu anayefunga mlango wake.

Danstan hakukubali kushindwa bure. Akaomba kuona waipa. Nikapanda, nikabonyeza swichi ambayo haijaunganishwa na chochote, nikakanyaga klachi. Zikapiga mara moja, vizuri kabisa. Nikasubiri. Akauliza mbona zimepiga mara moja. Nikasema hizi si waipa za kawaida. Zinahisi maji. Kama hakuna maji hazijisumbui.

Akauliza kama hakuna maji, hiyo mara moja zimepigia nini.

Nikasema zimehisi yaliyo karibu.

Na pale pale ikaanza kunyesha! Matone makubwa, moja, mawili, kisha yote. Danstan akatazama juu, akatazama kioo, akakimbilia barazani. Nami nilibaki kwenye usukani nikikanyaga klachi. Kwa dakika chache niliamini mwenyewe.

Ijumaa, 17 Novemba

Petronila ameiona kamba. Alikuwa anatandika kitanda chake, kama anavyokiita sasa, kikombe kikadondoka, akainama. Akaifuata kamba kwa mkono mpaka kwenye kiatu changu, nami nikiwa ndani ya kiatu.

Akauliza, "Baba Diana, hii nayo inahisi maji?"

Nikamweleza mpango wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimwambie mama yake na Danstan, leo, kabla watu hawajapanda gari. Nikasema nitawaambia. Akauliza lini. Nikasema tukifika.

Hajaniongelesha tena isipokuwa kuhusu chumvi.

Anga safi. Hakuna wingu. Naona watu wana wasiwasi bila sababu.

Jumamosi, 18 Novemba

Tuliondoka Lusahunga alfajiri, tukampitia mama mkwe Nyakahura. Danstan na vijana wake wakampandisha kwa uangalifu mkubwa, wakamlaza juu ya shuka yake. Petronila akakaa mbele kando yangu. Nikafunga pazia kati yangu na mama mkwe, kwa heshima. Danstan akasema atafuata nyuma na wageni wengine. Akasema atakuwa anaziangalia zile waipa, anataka kujifunza.

Lami ikaisha. Udongo mwekundu ukaanza. Jua zuri. Nilikuwa ninapiga mluzi.

Kwenye mlima wa kwanza, nikibadilisha gia, waipa zikapiga kwenye kioo kikavu, kraa! Mama mkwe akauliza nyuma ya pazia ni nini hicho. Petronila akamjibu kwamba gari lake linahisi.

Kwenye mlima wa pili mvua ikashuka. Haikuanza kama mvua nyingine, kwa matone. Iliachiwa yote. Nikakanyaga klachi, waipa zikapiga, nikaona barabara, nikaona mgomba, nikaona tena maji. Nikakanyaga. Barabara. Maji. Kombi haikuelewa kwa nini ninabadilisha gia namna ile, ikawa inaruka kama chura. Mama mkwe akaanza kuguna. Kila gari likiruka, nyonga yake inagonga ubao.

Halafu tyubu ikakatika. Ilipiga kioo kama kiboko na kutokomea kwenye migomba. Waipa zikalala upande wa kulia na kubaki huko.

Nikasimamisha gari. Sikuona chochote mbele wala pembeni. Danstan akaja na mwavuli, akagonga kidirisha. Akaona kamba. Akaifuata kwa macho, taratibu, mpaka kwenye kiatu. Hakucheka, na ningependa angecheka.

Alisema tu, "Shemeji, tumhamishe mama."

Nikakubali. Misa ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa nimekwisha. Wakalaza viti vya Noah, wakashikilia miavuli na turubai. Wakambeba. Lakini viti vile, hata vikilala, vinabaki na mgongo katikati, na mlango ni mfupi. Walipomkunja ili aingie, mama mkwe alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Huyu ni mama ambaye hulia kimya. Danstan alimwachia mguu kama ameungua. Alikuwa amesimama kwenye matope, mvua inamshukia shingoni, anasema samahani mama, samahani mama. Ni mtoto wake, basi.

Akasema, "Nirudisheni kwenye kitanda."

Wakamrudisha. Alikaa muda macho yamefungwa. Tukamsubiri. Petronila alikuwa amemshika mkono. Nikadhani atasema tugeuze. Nilikuwa tayari kugeuza, nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitasema nini kwa watu.

Akafumbua macho. Akauliza, "Yule yuko wapi?"

Nikasema nipo hapa mama, nyuma ya pazia.

"Toa hilo pazia. Hizo waipa zinavutwa kwa nini?"

"Kwa kamba, mama."

"Na kuzirudisha?"

"Palikuwa na tyubu."

Akafikiri. Akasema, "Mgonjwa ni nyonga. Mikono ni mizima. Nipe kamba."

Nikajaribu kusema kwamba si heshima, mama mkwe kufanya kazi kwenye gari la mkwe. Akanikumbusha kwamba gari ni la Petronila.

Basi tukaongeza kamba kutoka kwenye Noah, tukafunga upya. Kamba ya kulia ikapita kidirisha changu mpaka kitandani kwa mama mkwe. Kamba ya kushoto ikapita kidirisha cha pili mpaka kwa Petronila. Mmoja anavuta, mwingine analegeza. Mwanzo walivuta wote kwa pamoja na waipa zikasimama wima, zinatetemeka. Wakavuta tena pamoja. Wakaanza kulaumiana kwa Kihangaza, kwa kasi ambayo siiwezi. Ndipo mama mkwe akatoa rozari yake. Akasema watasali, na kila mtu atavuta kwenye sehemu yake.

Ikafanya kazi! Mama mkwe anaanza Salamu Maria, anavuta. Petronila anaitikia nusu ya pili, anavuta. Barabara ikaonekana. Tukaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, Danstan nyuma.

Tatizo lilikuwa moja. Salamu Maria ni ndefu. Kati ya mwanzo wa sala na mwitikio wake nilikuwa naendesha kwa imani peke yake. Nikaomba, kwa unyenyekevu, kama wangeweza kusali haraka kidogo, kuna kona. Mama mkwe akasema Mama wa Mungu hakimbizwi. Tukaingia kona kwenye "umebarikiwa" na kutoka kwenye "wakosefu", gurudumu moja liko mtaroni.

Mvua ikazidi. Nikasema mama, sioni kabisa. Akasema, "Petronila, twende litania."

Litania! Neno fupi, utuombee. Neno fupi, utuombee. Zikawa zinapiga kama za lori jipya. Niliona kila jiwe. Niliona mpaka ng'ombe aliyekuwa mbali. Walipomaliza litania walianza tena mwanzo, na tena. Mlima wa mwisho tuliupanda wote watatu tukiitikia, mimi kwa sauti kuliko wote, maana kulikuwa na utelezi.

Tulifika Rulenge watu wanatoka kanisani. Misa imekwisha.

Danstan alitupita pale mwisho, akafika kabla yetu. Alipata kuona baraka za mwisho. Sisi tuliona mlango wa kanisa ukiwa wazi na masista wakitoka kwa mstari, wameshikiliwa miavuli, shangwe, ngoma. Sikuzima injini. Nilijua nimemkosesha misa aliyoisubiri mwaka mzima. Sikugeuka kumtazama.

Sista Speciose alikuwa katikati ya mstari, mdogo, shada la maua kichwani. Aliiona kombi. Sijui nani alimwambia. Akatoka kwenye mstari. Mpiga picha akamwita, hakusikia. Akaja kwenye matope na viatu vyake vyeupe, akafungua mlango wa ubavuni mwenyewe, akapanda, akakaa kitandani. Mama mkwe bado alikuwa ameshika kamba, viganja vyote vimechubuka. Sista akavichukua viganja vile akaviweka kwenye mapaja yake.

Mama mkwe akashangaa kwa Kihangaza, "Mawe," yaani mama wee, "umezeeka." Wakaanza kucheka, na kulia, na kuongea wote kwa wakati mmoja.

Nikashuka nikasimama nje. Petronila naye akashuka. Mvua ilikuwa inanyesha juu yetu. Akanipa upande wa kanga yake nijifute uso. Haikusaidia, kanga yenyewe ilikuwa inachuruzika.

Wakati wa chakula walimweka mama mkwe kwenye mkeka chini ya hema, karibu na meza kuu. Aliwaeleza watu kwamba ameendesha gari kutoka Nyakahura. Wengine waliamini. Halafu akaita, "Mwanangu, niletee maji!" bila kutaja jina. Alikuwa anatazama upande wetu, nimesimama na Danstan. Tukaenda wote. Tukarudi na vikombe viwili. Akapokea vyote. Kimoja akanywa, kingine akanawia viganja.

Alichokunywa kilikuwa cha Danstan. Niliangalia.

Lakini viganja ndivyo vilivyovuta kamba. Nimelifikiria jambo hili kwa pande zote na naliona ni sare.

Jumapili, 19 Novemba

Tumerudi. Njia nzima kavu. Si tone! Mama mkwe alilala usingizi, viganja vimefungwa bandeji na masista. Alipoamka Nyakahura aliuliza kwa nini tumefika haraka. Amesema atakwenda Rulenge tena Jumapili ijayo, na kila akijaliwa, maana sasa njia anaijua. Sikumsikia akisema "yule". Wala hakunitaja kwa jina. Alisema tu "dereva".

Danstan amewaambia watu kwamba safari ijayo watumie gari lenye waipa. Nimejibu kwamba kombi ina waipa na sala pia.

Alhamisi, 23 Novemba

Nduwayo amepiga simu, mota imepatikana. Nimekwenda Benaco mapema. Ameifunga, ameunganisha waya zote, ameweka fyuzi ya kweli mbele ya macho yangu na kuniapisha. Amebonyeza. Zikapiga! Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila sala, bila mguu, bila mtu yeyote. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayelala vizuri.

Nikarudi na mvua njia nzima, kioo safi. Nilipita mbele ya duka la Danstan taratibu. Hakutoka. Nikageuza nikapita tena. Akatoka. Nikampungia. Akainua kidole gumba.

Petronila amewasha mwenyewe swichi, akazitazama kwa muda. Akasema sasa gari lake ni gari. Akaomba jambo moja tu, nisiguse kitu chochote pale chini ya dashibodi. Nimekubali. Nina sababu gani ya kugusa kitu kinachofanya kazi?

Jumamosi, 25 Novemba

Jambo moja limenijia wakati nimekaa ndani ya kombi, natazama mota inavyofanya kazi. Ile mota yenyewe haiendi kulia na kushoto. Inazunguka. Inazunguka tu, bila kuchoka. Vile vijiti vya chuma ndivyo vinavyopeleka waipa huku na huku. Nguvu yote ile, kwa ajili ya kufuta maji! Na hapa Lusahunga madereva wa malori wanasimama kila saa wakitafuta nyama, na wachomaji wote wanageuza kwa mkono.

Petronila amelala kwa mama yake Nyakahura, anamsaidia kujiandaa na safari ya kesho. Kwa hiyo palikuwa na nafasi.

Nimeichomoa mota. Haikuwa kazi ngumu, nilimwona Nduwayo. Nimeifunga kwenye chuma kirefu, nikatoa waya kutoka kwenye betri ya kombi, nikachimba shimo la moto kando ya sehemu ya kuoshea malori. Nikachoma mbuzi mzima. Madereva walikuja kwa wingi. Wakapiga picha. Mmoja akasema hajaona kitu kama hiki kuanzia Dar mpaka Kigali.

Nikawasha mwendo wa kwanza. Mbuzi akazunguka vizuri, kwa heshima. Watu wakapiga makofi. Nikaona mwendo wa kwanza ni wa polepole kwa biashara. Nikaweka wa pili.

Mbuzi alitoka kwenye chuma kama Petronila anapotoka kibandani nikiwa nimemaliza viazi. Alipita juu ya vichwa vya watu. Ameangukia kwenye bwawa la maji ya kuoshea malori, na bado hatujampata, maji ni machafu. Mota nayo iliendelea kuzunguka na chuma kitupu mpaka ikatoa moshi kidogo. Ni ule wa vumbi tu.

Petronila amepiga simu, anasema huko Nyakahura wingu limefunga na mama yake anauliza tutamchukua saa ngapi. Nimemwambia asubuhi na mapema, asiwe na wasiwasi. Upande wa Ngara naona kuna mwanga.

Mpango wenyewe ni mzuri, sina shaka nao. Tatizo ni mbuzi. Alikuwa mwepesi mno. Wiki ijayo nitatafuta nguruwe.